Shimo nyuma ya banda: si jini wala hasidi, huenda ni kicheche

Na Mwandishi Wetu

Miezi michache iliyopita tulikaribishwa katika nyumba moja iliyopo kwenye viwanja vipya, pembezoni mwa mji wa Dodoma. Wenyeji wetu walikuwa na habari iliyowasumbua kwa majuma matatu. Kila usiku, baada ya Swala ya Isha, palisikika mkwaruzo chini ya sakafu ya stoo. Vifaranga vinne vilitoweka. Kisha ukaja usiku ambao mbwa wa jirani alibweka kwa ghadhabu, na mara nyumba nzima ikajaa harufu nzito ya uvundo iliyowatoa watu machozi.

Asubuhi yake maneno yakaanza. Jirani wa ukuta wa pili ni bibi mjane, mtu mzima sana, ambaye siku mbili kabla alikuwa amekuja kuomba chumvi. Mwenye nyumba, mama wa watoto watano, akaunganisha chumvi na harufu, na harufu na vifaranga. Akaitwa mganga. Akachukua fedha na kuku mweusi, akaondoka akiwa amethibitisha yale ambayo mama yule alikwisha kuyaamini. Tangu siku hiyo bibi alipotoa salamu hakuitikiwa, na watoto wakakatazwa kupita uani kwake.

Aliyeumaliza mzozo ni baba wa nyumba ile. Siku moja, akitoka msikitini baada ya Alfajiri, aliona mnyama mdogo mweusi mwenye mistari myeupe mgongoni na mkia wa manyoya meupe uliosimama kama ufagio. Mnyama alipita kando ya banda la kuku, akainama, akaingia katika shimo lililokuwa nyuma ya stoo. Hakuwa jini, wala hakutumwa na mtu. Alikuwa kicheche.

Tumeona tuandike juu ya jambo hili kwa sababu familia ile si ya kwanza. Miji yetu inapanuka na kuingia katika maeneo yaliyokuwa mapori na mashamba, na viumbe waliokuwa wakiishi humo hawana pa kwenda. Wanahamia chini ya stoo zetu, chini ya marundo ya matofali na nyuma ya mabanda. Asiyewatambua huweza kufanya makosa mawili: kumdhulumu mnyama, au kumdhulumu mwanadamu mwenzake.

Kicheche ni nani?

Kicheche ni mnyama mdogo, urefu wa mwili wake ni takriban sentimita 30 hivi bila mkia, na uzito wake aghalabu hauzidi kilo moja na nusu. Manyoya yake ni meusi, yenye mistari minne myeupe inayoanzia kichwani na kuteremka mgongoni hadi mkiani, na mabaka meupe usoni. Anapatikana katika nyika na savana za Afrika, kutoka Senegal hadi Ethiopia na kuteremka hadi Afrika Kusini. Hapendi misitu minene.

Hutembea usiku, tena peke yake. Chakula chake kikubwa ni wadudu na mabuu yao, panya, mijusi, nyoka na ndege wadogo. Mayai na vifaranga huvichukua anapovikuta pasipo na kinga. Kwa hiyo mnyama huyu ana manufaa: panya anayekula mahindi yako ni riziki yake yeye.

Silaha yake ni harufu. Anapotishwa husimamisha manyoya, huinua mkia, hunguruma na kumgeuzia adui mgongo. Hiyo ni indhari. Asiposikilizwa, hurusha majimaji yenye uvundo kutoka katika tezi zilizo karibu na njia yake ya haja. Pengine hujilaza kama aliyekufa, akingoja adui aondoke. Majimaji hayo yakiingia machoni huwasha vikali. Yaoshwe kwa maji mengi safi, na muwasho ukiendelea mtu apelekwe kituo cha afya.

Kulitambua shimo

Si kila shimo uani ni la kicheche, na matibabu ya kila shimo ni tofauti.

Shimo la panya wa kawaida ni dogo, la upana wa vidole vitatu au vinne hivi, na mara nyingi huwa na tundu la pili la kutorokea. Karibu yake utaona vinyesi vidogo na njia iliyochakaa ukutani. Shimo la panya buku ni pana zaidi, na ndani yake huficha akiba ya chakula. Kicheche ana makucha marefu ya mbele na huchimba mwenyewe, lakini pia hupenda kutumia nafasi iliyo tayari: ufa wa jiwe, gogo lenye uwazi, au pengo chini ya sakafu. Mlangoni mwake huweza kuonekana manyoya, mabaki ya mende na mbawakawa, na harufu hafifu inayozidi asubuhi. Pia huacha vishimo vifupi vifupi bustanini alipokuwa akifukua mabuu.

Nyoka hachimbi. Shimo alilomo nyoka lilichimbwa na mwingine, na ndiyo maana shimo la panya lililoachwa wazi ni mlango wa hatari nyingine. Kwa sababu hiyo asitie mtu mkono shimoni, awe mkubwa au mtoto, hata kama ana hakika kuwa ndani hamna kitu.

Ili kujua kama shimo lina mkazi, tumieni njia mbili zisizo na gharama. Ya kwanza: ziba mdomo wa shimo kwa majani makavu au karatasi bila kushindilia, kisha angalia kwa siku mbili au tatu. Yakisukumwa, kuna mkazi. Utando wa buibui uliotanda mlangoni ni dalili kwamba shimo ni tupu. Ya pili: nyunyiza majivu laini mbele ya shimo wakati wa Magharibi. Asubuhi utasoma nyayo. Unyayo wa paka kwa kawaida hauna alama za kucha, kwa kuwa paka huzificha. Wa kicheche una vidole vitano, na alama za kucha za mbele huonekana mbali kidogo na vidole.

Yasiyofaa kufanywa

Katika nyumba tuliyoitembelea, kijana mmoja alikuwa amekwisha kuandaa petroli ili aimimine shimoni na kuiwasha. Alhamdulillah, baba yake alimzuia. Mtume (Rehma na Amani za Allah zimshukie) alikataza kuadhibu kwa moto, na katika mapokezi ya Abu Dawud alilikemea hilo alipoona kichuguu cha sisimizi kimechomwa. Mbali na dhambi, mvuke wa petroli chini ya sakafu waweza kulipua nyumba na waliomo.

Wengine hutumbukiza vidonge vya kuhifadhia nafaka. Vidonge hivyo vikikutana na unyevu hutoa gesi ya fosfini, ambayo hupenya nyufa za sakafu na kuwafikia waliolala. Gesi hiyo haina dawa ya kuizima mwilini. Visitumike karibu na nyumba kamwe. Sumu ya chambo nayo haichagui: humla paka wa jirani, kuku, hata mtoto anayetambaa. Na mnyama akifia chini ya sakafu, mtaishi na uvundo mbaya kuliko ule mliokuwa mkiukimbia.

Kanuni ya Uislamu katika jambo hili iko wazi: hakuna kudhuru wala kulipizana madhara. Ni kweli kuwa Mtume (S.A.W.) alitaja wanyama watano waharibifu wanaoruhusiwa kuuawa hata na aliye katika ihramu, na panya ni mmoja wao. Alituamrisha pia tufunike vyombo na kuzima taa tunapolala, kwa kuwa panya huweza kuburuta utambi na kuunguza nyumba. Lakini hata pale kuua kunaporuhusiwa, tumeamrishwa ihsani: kusiwe na mateso. Kicheche hayumo katika wale watano, na wanyamapori nchini Tanzania wanalindwa na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009. Njia iliyo bora ni kumhamisha bila kumuua.

Kumwondoa kwa hekima

Kwanza jiulizeni kama kuna haja. Shimo likiwa mwisho wa shamba, mbali na banda na mahali wanapocheza watoto, aachwe. Atawapunguzieni panya.

Akiwa chini ya nyumba au bandani, anzeni na kinachomvuta. Funikeni mapipa ya taka, msiache mabaki ya chakula nje usiku, ondoeni marundo ya kuni na matofali. Kuku walale ndani ya banda lililofungwa, lenye wavu imara wa matundu madogo. Wavu huo ufukiwe ardhini kiasi cha sentimita 30, na ncha yake ya chini ikunjwe kuelekea nje, ili mchimbaji akutane nao.

Kisha chunguzeni kama kuna watoto. Watoto wa kicheche huzaliwa vipofu na huchukua zaidi ya mwezi kufumbua macho. Mkisikia vilio vyembamba shimoni, subirini majuma kadhaa hadi waanze kutoka na mama yao. Abu Dawud amepokea kisa cha ndege aliyehangaika juu ya vichwa vya masahaba kwa sababu wamechukua makinda yake, naye Mtume (S.A.W.) akaamrisha warudishiwe mama yao. Rehema iliyomfikia ndege haiwezi kumpita kicheche.

Ikiwa hakuna watoto, nyunyizeni majivu wakati wa Magharibi. Nyayo za kutoka zikionekana usiku, na zisionekane za kurudi, zibeni shimo kwa mawe na wavu, kisha udongo ulioshindiliwa au zege. Mkitaka kuwa na hakika zaidi, tundikeni kipande cha wavu mlangoni mwa shimo, kifungwe juu tu, kiwe kinasukumika kwenda nje na si kuingia ndani. Akitoka hatarudi, nanyi baada ya siku tatu bila nyayo mpya mtaziba kabisa.

Kichaa cha mbwa

Mnyama wa usiku anayetembea mchana kweupe, asiyeogopa watu, anayepepesuka au kutoka povu, msimkaribie. Toeni taarifa kwa afisa mifugo au serikali ya mtaa. Huenda ana kichaa cha mbwa. Kwa binadamu wengi ugonjwa huu huletwa na mbwa, lakini mnyama yeyote anyonyeshaye aweza kuubeba. Dalili zikishajitokeza, karibu kila mgonjwa hufariki. Aliyeumwa au kukwaruzwa aoshwe jeraha mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha apelekwe hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo. Msingoje, wala msiweke dawa za kienyeji kwenye jeraha. Na mbwa na paka wenu wachanjwe.

Kwa ndugu walioko Marekani na Kanada

Wasomaji wetu walioko ughaibuni hukutana na mnyama anayefanana na kicheche, ajulikanaye huko kama skunk, ambaye ni wa familia nyingine. Naye hupenda kuishi chini ya baraza na vibanda, na hupiga miguu chini kabla ya kurusha uvundo. Njia za kumwondoa ni zile zile. Harufu yake huondolewa kwa kuchanganya lita moja ya haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, robo kikombe cha bikaboneti ya soda, na kijiko kidogo cha sabuni ya vyombo. Mchanganyiko utumike papo hapo, usiingie machoni, wala usihifadhiwe katika chupa iliyofungwa kwani utaipasua. Aliyepatwa asikimbilie msikitini na nguo zile. Ikiwa aliyekula kitunguu saumu kibichi ametakiwa asiwaudhi wenziwe kwa harufu, huyu ana sababu kubwa zaidi ya kuoga kwanza.

Shimo la pili

Tulipomaliza kuziba shimo pamoja na familia ile, imamu wa mtaa alimwambia mama mwenye nyumba kwamba kazi bado. Aya katika Suratul Hujurat zinatuamrisha kuhakikisha habari kabla ya kuwadhuru watu, na kujiepusha na dhana nyingi, kwa kuwa baadhi yake ni dhambi. Shimo la stoo lilichukua jioni moja kuzibwa. Lile lililochimbwa baina ya nyumba mbili lilikuwa na majuma matatu.

Mama yule alijitanda mtandio wake, akachukua sahani ya chakula, akaenda. Tulimsikia akibisha hodi na kusema, "Shikamoo bibi, nimekuja kuomba radhi." Kimya kikawa kirefu. Kisha bibi akaitikia, "Marahaba mwanangu. Mimi nilidhani nimewaudhi kwa ile chumvi."

Mwanamke huyu alikaa majuma matatu akilitafuta kosa lake mwenyewe. Hiyo ndiyo gharama ya kumsikiliza mganga kabla ya kuchungulia nyuma ya stoo. Enyi wazazi, harufu ikija usiku, chukueni tochi na majivu, muombeni Allah kinga, na mwacheni jirani alale kwa amani.

Wabillahi tawfiq.