Sinia na Pilau: Video ya Harusi Ifike Matungu Ikiwa Safi



Udugu wa pwani na Mumias ni wa tangu karne ya 19, pale wafanyabiashara Waislamu walipofika kwenye makao ya watawala wa Wanga. Leo familia nyingi za huku zina wakwe na wajukuu Matungu, jirani na Mumias katika kaunti ya Kakamega. Harusi ikifanyika pwani, wasioweza kusafiri huingoja video kwenye simu. Aghalabu hupatikana na mojawapo ya masaibu mawili: ama faili ni kubwa hata bando linakwisha kabla haijashuka, ama ni ndogo lakini nyuso za wazee zimegeuka vigae vigae.

Chanzo ni vipimo viwili ambavyo watu huvichanganya. Cha kwanza ni idadi ya pikseli, yaani nukta ndogo zinazounda picha. Picha ya 1920 kwa 1080 ina nukta 2,073,600. Ile ya 1280 kwa 720 ina 921,600, chini ya nusu yake. Cha pili ni kiwango cha biti, yaani taarifa zinazotumika kueleza kila sekunde ya video.

Uzito wa faili huamuliwa na hiki cha pili pamoja na muda. Chukua video ya saa moja, yaani sekunde 3,600, kwa megabiti 5 kila sekunde. Zidisha, upate megabiti 18,000. Gawanya kwa 8, kwa kuwa baiti moja ni biti 8, upate megabaiti 2,250. Kwa megabiti 1 kila sekunde, saa hiyo hiyo ni megabaiti 450 tu.

Pikseli basi zina kazi gani? Zifananishe na sinia, na biti ni pilau. Kibaba cha pilau kwenye sinia kubwa huacha mapengo. Kwenye sinia dogo hujaa na kupendeza. Ndivyo video yenye pikseli nyingi na biti chache inavyotoa vigae, hali biti hizo hizo kwenye picha ndogo zingetoa sura safi. Na kurundika pilau kwenye sinia dogo nako ni israfu: faili huwa zito bila jicho kuona tofauti.

Mwendo nao una hukumu yake. Video hubanwa kwa kuhifadhi zaidi yale yanayobadilika kati ya picha moja na inayofuata. Mwalimu aliyeketi akitoa darsa mbele ya ukuta hutosheka na biti chache. Ukumbi wa akina mama wakicheza lelemama huhitaji nyingi.

Basi mama anayesimamia harusi amwombe mpiga video nakala mbili. Ya kwanza ni ya asili, yenye biti nyingi, iwekwe kwenye diski na isiguswe. Ya pili ni ndogo, ya kutumwa kwa simu, ipunguzwe pikseli pamoja na biti, si biti peke yake. Ikiwa ni darsa na picha haina haja, tumeni sauti pekee: kwa kilobiti 64 kila sekunde, saa nzima ni takriban megabaiti 29.

Tahadharini pia na kutumiana nakala ya nakala. Programu nyingi za ujumbe huibana video upya inapotumwa, na kilichopotea hakirudi. Kuikuza picha baadaye huongeza nukta, hakuongezi ukweli. Bibi aliyerekodiwa akiwaombea maharusi dua huenda asirekodiwe tena. Wajukuu wake wa Matungu watakapotaka kuuona uso wake, itakayowafaa ni ile nakala ya asili iliyotunzwa kama amana.