Magadi na Majani Chai: Dawa za Pikipiki Kuukuu Kericho na Bomet

Mvua hunyesha Kericho karibu kila mwezi, na kwa mwaka mzima hupita milimita 1,800. Pamoja na ukungu wa asubuhi na udongo mwekundu wenye asidi, hali hiyo huyastawisha majani chai kutoka Kapsoit na Litein hadi Mogogosiek na Silibwet kule Bomet. Chuma hakistawi huku. Pikipiki iliyoachwa nyuma ya ghala miaka michache huliwa kuanzia ndani, na mwenyewe hugundua siku anapotaka kuiwasha.

Pikipiki za namna hiyo si haba. Ziko Yamaha AG100 na Honda za zamani, za enzi ambapo anayepita kijijini kwa pikipiki alikuwa afisa wa kilimo au daktari wa mifugo. Mwaka 2008 serikali iliondoa VAT kwa pikipiki ndogo, boda boda zikafurika, na zile kuukuu zikasukumwa kando. Naamini nyingi zinaweza kurudi barabarani, mradi anayezifufua aelewe kinachotendeka ndani ya chuma. Sayansi yake haina makuu, na dawa mbili kubwa zinapatikana dukani karibu na unga na sukari.

Tuanze na kutu yenyewe. Tone la maji likikaa juu ya chuma, chembe za chuma zilizo chini yake hupoteza elektroni. Elektroni hizo husafiri ndani ya chuma hadi ukingoni mwa tone, ambako oksijeni ni nyingi, na huko huungana na oksijeni na maji. Ule mkondo mdogo wa umeme ndio unaokila chuma. Ukiondoa maji, au ukiondoa oksijeni, kazi inasimama. Shida ni kwamba si lazima uone tone. Unyevu wa hewa ukipita asilimia 60 hivi, utando wa maji usioonekana kwa macho hutanda juu ya chuma na kutosha kuanzisha kazi hiyo. Asubuhi za Kericho hupita kiwango hicho bila taabu.

Mahali pa kuyashuhudia haya ni ndani ya tangi la petroli. Mulika kwa tochi kupitia mdomo wa tangi lililokaa nusu tupu. Sehemu ya juu, ambako petroli haikufika, ina kutu ya rangi ya chungwa, laini, inayotoka kwa kidole. Katikati, palipokuwa na petroli, chuma mara nyingi bado kinang'aa. Chini kabisa kuna duara jeusi lenye vishimo. Sababu ni usiku. Jua likizama tangi hupoa, hewa iliyomo husinyaa, na hewa yenye unyevu huvutwa ndani kupitia tundu dogo la kifuniko. Unyevu ule hugeuka kuwa matone kwenye paa la tangi, matone yakatiririka na kuzama chini ya petroli kwa kuwa maji ni mazito kuliko petroli. Baada ya miaka kadhaa, maji yaliyotuama huko chini yametoboa au yamekaribia kutoboa. Ndiyo maana anayeiweka pikipiki kwa muda mrefu hufanya vyema kulijaza tangi pomoni au kulimaliza na kulikausha kabisa.

Wengi hutia kokoto ndani ya tangi na kulitikisa. Kokoto hukwangua zinapofika na kuacha kona. Njia iliyo bora ni kuurudisha nyuma ule umeme, na hapo ndipo magadi yanapoingia. Magadi yanayochimbwa Ziwa Magadi, kaunti ya Kajiado, kwa sehemu kubwa ni kaboneti na baikaboneti ya sodiamu. Yakiyeyushwa katika maji hupitisha umeme vizuri, na hayaushambulii mwili wa chuma kama asidi inavyofanya.

Kwanza tangi huoshwa kwa sabuni na maji moto hadi harufu ya petroli iishe. Kisha hujazwa maji yaliyotiwa magadi, kama kijiko kikubwa kimoja kwa kila lita 4 au 5. Kipande cha nondo huning'inizwa ndani kupitia mdomo, kikiwa kimefungwa kwenye mpira au ubao ili kisiguse tangi hata kidogo. Chaja ya betri ya volti 12 huunganishwa: hasi kwenye tangi, chanya kwenye nondo. Mapovu yakianza kupanda, kazi imeanza. Saa kadhaa baadaye nondo imevaa matope ya kutu, na ndani ya tangi kutu imelegea na sehemu yake kugeuka unga mweusi unaotoka kwa kusuuzwa.

Nasisitiza mambo matatu, kwa kuwa hapa mtu anaweza kuumia. Mapovu yale ni haidrojeni na oksijeni, kwa hiyo kazi hii hufanywa nje, mbali na jiko na sigara, na chaja huzimwa kabla ya kugusa vibanio. Usitumie chuma cha stenlesi badala ya nondo, maana kinaweza kutoa kromiamu yenye sumu ndani ya maji. Na magadi ghafi huwa na chumvi ya kawaida, ambayo huchochea kutu. Suuza tangi mara nyingi. Likishasuuzwa, likaushwe papo hapo na kupakwa oili ndani, kwani chuma kilichovuliwa kutu huanza kushika nyingine ndani ya dakika chache.

Kwa vyuma vya nje, yaani fremu, mikono ya magurudumu na vibebeo vya mizigo, dawa ya pili iko shambani. Jani bichi la chai lina polifenoli nyingi mno, karibu robo hadi theluthi ya uzito wake likishakauka. Vitu hivi vikikutana na kutu huishika chembe ya chuma na kufanya mchanganyiko mweusi wenye rangi ya bluu kwa mbali, usioyeyuka kwa urahisi ndani ya maji. Wino ulioandikia hati za Ulaya kwa karne nyingi ulitokana na mmenyuko wa aina hiyo: tanini ya vivimbe vya mwaloni, ambayo nayo ni polifenoli, ikichanganywa na chumvi ya chuma. Taasisi ya Uhifadhi ya Kanada hueleza namna ya kutumia asidi ya taniki kwa vyuma vya kale vya makumbusho, na dawa kadhaa za kugeuza kutu zinazouzwa kwenye makopo zimejengwa juu ya kemia hiyo.

Chai ya rangi iliyochemshwa hadi ikawa chungu ina tanini dhaifu kuliko ile ya kopo, na sitaki kumdanganya mtu kwamba zinalingana. Lakini ukikwangua kutu iliyolegea kwa brashi ya waya, ukapaka chai nzito ikiwa na vuguvugu, ukaacha ikauke na kurudia, utaona wekundu ukigeuka weusi mbele ya macho yako. Weusi huo haukingi mvua peke yake. Ni lazima ufunikwe kwa rangi ya msingi, kisha rangi ya juu.

Injini iliyokwama haitaki nguvu. Kupiga kiki kwa hasira huvunja ringi zilizoshikamana na ukuta wa silinda kwa kutu. Toa plagi, mimina oili nyepesi kwenye tundu lake, acha siku kadhaa ijipenyeze katika nafasi nyembamba, ndipo ujaribu kulisukuma gurudumu la nyuma taratibu gia ikiwa imeingia. Kwa AG100, ambayo injini yake ni ya mapigo mawili, badilisha sili za kranki hata zikionekana nzima. Mpira uliokauka huvuta hewa ya ziada, mchanganyiko unakosa petroli na oili, na pistoni huungua.

Kuna jambo moja ambalo vitabu vya kiwandani huligusia tu, na huku kwetu ni kubwa. Mji wa Kericho uko kwenye mwinuko wa takriban mita 2,000. Hapo maji huchemka kwenye nyuzi 93 hivi, na kila lita ya hewa ina karibu asilimia 80 tu ya hewa ambayo lita moja ingekuwa nayo Mombasa. Kabureta hupima kwa ukubwa wa jeti, na hewa inapopungua, petroli inayovutwa haipungui kwa kiasi hicho hicho. Matokeo yake ni petroli nyingi kuliko hewa: moshi mweusi, injini nzito mlimani, na plagi yenye masizi. Plagi ya injini iliyopimwa sawasawa huwa na rangi ya chai ya maziwa. Ikiwa nyeusi, weka jeti yenye namba ndogo kidogo. Lakini anayeshuka mara kwa mara hadi Kisumu, takriban mita 900 chini, asipunguze kupita kiasi, maana huko mchanganyiko utakuwa mkavu na injini itachemka. Na hata ukipima vizuri namna gani, sehemu ya nguvu ya injini imebaki baharini, usimlaumu fundi.

Baada ya hayo yote pikipiki itawaka, na hapo wengi huhesabu kwamba kazi imekwisha. Bado. Mwendo ukitoka kilomita 30 hadi 60 kwa saa, nishati ambayo breki inapaswa kuimaliza huwa mara 4, na miteremko ya huku haisamehe, hasa murram ikilowa. Badilisha shu za breki pamoja na waya wake. Vumbi la shu za zamani lisipulizwe kwa mdomo wala kwa kompresa, kwa kuwa nyingi za enzi hizo zilitengenezwa kwa asbesto. Lilowanishe kwanza na ulifute kwa kitambaa cha kutupa. Tairi nazo huzeeka hata bila kutembea, kwa sababu oksijeni na ozoni huukausha mpira. Soma namba nne za mwisho baada ya herufi DOT ubavuni: 2309 ni wiki ya 23 ya mwaka 2009, na tairi hiyo haifai kubeba mtu, hata kama meno yake ni mapya. Taa za volti 6 zikaguliwe waya kwa waya, maana ukungu wa jioni huja na magari ya kusomba majani chai barabarani.

Kabla ya kutumia hata shilingi moja, linganisha namba ya fremu na ya injini na zile za logbook. Zisipolingana, utatengeneza pikipiki usiyoweza kuiendesha kihalali. Zikilingana, na kama unayo moja iliyolala kwenu, usimimine petroli mpya wala usipige kiki leo. Anza na tochi ndani ya tangi, na pesa za kwanza zitoke kwa ajili ya breki na tairi. Rangi inaweza kusubiri hadi mwisho.