Kimulimuli cha Ndege: Umri Wake na Utunzaji Wake katika Hewa ya Delta ya Rufiji

Miongoni mwa taa zinazochukuliwa na ndege ndogo, iko moja isiyotoa mwanga mfululizo. Mwanga wake ni mkali sana, nao hutokea kwa kitambo kidogo mno, ukatoweka, ukarudi tena. Kanuni za Marekani zataka urudi mara 40 hadi 100 kwa dakika. Huwekwa kwenye ncha za mabawa, na pengine mkiani, ili rubani wa ndege nyingine aione mapema na kuiepuka. Katika makala haya nitaiita kimulimuli. Jina hili limekwisha kuzoeleka kwa taa za magari ya polisi na ya wagonjwa, na kabla ya hapo lilikuwa, na lingali, la yule mdudu ang'aaye gizani. Wako watakaopendelea kimetameta, kwa kuwa mdudu huyo huyo huitwa hivyo pia. Lakini kumetameta ni hali ya kitu kinachong'aa chenyewe, hata jiwe au maji. Kumulika ni kupeleka mwanga uwafikie wengine, na ndiyo kazi ya taa hii. Tena kule kukaririwa kwa shina, muli-muli, kwaonyesha barabara tendo linalojirudia.

Kimulimuli cha namna ya zamani ni chupa ndogo ya kioo iliyojazwa gesi ya zenoni. Ndani yake hamna ule uzi wa kuungua ulio katika glopu. Kisanduku kilicho kando hupokea umeme wa betri, volti 12 au 24, huuzidisha hata ukafika volti mamia kadhaa, na kuulimbikiza katika kapasita. Kisha mpigo mfupi wa volti maelfu kadhaa hupelekwa kwenye chupa kuifungulia gesi njia. Hapo akiba yote humiminika kwa mara moja, na gesi ikatoa mwanga mweupe. Aliyeiendeleza sana elimu hii katika miaka ya 1930 ni Harold Edgerton wa MIT, huko Marekani, ambaye aliitumia kupiga picha za vitu viendavyo kasi. Kwa hiyo tukisema taa hii "inawaka," twasema kwa mazoea tu, maana kuwaka ni tendo la moto, nalo huendelea. Hii hupiga, kama umeme wa mawinguni unavyopiga. Neno umeme lilikuwa la mwanga ule wa mvua kabla halijapewa nguvu ya mitambo, na hapa twaweza kusema kwamba limerudishwa kwao.

Delta ya Rufiji, ambayo leo imo katika Wilaya ya Kibiti, yafaa sana kuchukuliwa kuwa mahali pa kupimia jambo hili. Mikoko yake ni msitu mkubwa kuliko yote ya namna hiyo katika Afrika ya Mashariki, hewa yake ni ya joto na unyevu, na upepo wa bahari huleta chumvi. Ndege ndogo hupita karibu nayo zikienda Mafia. Wala si jambo jipya kwa hewa hiyo kuzishinda ndege. Mwaka 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg, baada ya kuizamisha Pegasus ya Waingereza huko Unguja tarehe 20 Septemba, ilijificha katika mikono ya mto huo. Waingereza walimleta rubani mmoja, Cutler, na ndege ya Curtiss yenye mwili wa mashua, akafanya kazi kutoka kisiwa cha Niororo. Rejeta ya ndege yake ilipoharibika, ilibadilishwa kwa rejeta ya gari la Ford iliyoletwa kutoka Mombasa. Aliiona manowari mwezi wa Novemba. Mwezi uliofuata injini ilimshinda, akashuka mtoni na kutekwa. Mapema mwaka 1915 zikaja ndege mbili za Sopwith, na joto likailegeza gundi iliyoziunga mbao zake. Baadaye zililetwa nyingine, zikaruka kutoka Mafia, na kwa msaada wa macho ya marubani wake manowari ilimalizwa tarehe 11 Julai 1915. Eropleni zile hazikuwa na vimulimuli, lakini maadui wao walikuwa ni hawa hawa wa leo: joto, unyevu na chumvi.

Wenye ndege walizoziunda wenyewe wanayo sababu zaidi ya kuyajua mambo haya. Huko Marekani, ambako watu hao walianzisha chama chao mwaka 1953 katika jimbo la Wisconsin, mwenye ndege mara nyingi ndiye fundi wake. Nimetumia neno kuunda kwa makusudi. Ndilo neno la mafundi wa majahazi, nao hawasemi wametengeneza jahazi isipokuwa lilikuwa limeharibika.

Na sasa umri. Mafundi husema taa "imekufa," kana kwamba kufa hutokea kwa siku moja. Glopu hufa hivyo, uzi ukikatika. Chupa ya zenoni huchoka kwanza. Kila mpigo huula kidogo ule ushikizo wa madini ulio ndani, na vumbi lake likaganda kwenye kioo. Ndiyo maana ncha za chupa huwa nyeusi. Tuchukue kimulimuli kinachopiga mara 50 kwa dakika: kwa saa moja kimepiga mara 3,000, na kwa saa 500 za safari kimepiga mara 1,500,000. Si haki kupima umri wa kitu kama hicho kwa miaka. Dalili ya pili ya uchovu ni kuruka mpigo, yaani taa hupiga, hupiga, hukosa, hupiga. Neno kuruka laweza kumtatiza msikilizaji, kwa kuwa ndege nayo yaruka. Kwa hiyo napendekeza kukosa mpigo, ingawa najua kwamba karakana haitaningojea.

Katika utunzaji, watu wa pwani hawana upungufu wa maneno. Anayejua kukalafati, kupaka deheni chini ya chombo na kusugua mbao kwa sifa, hahitaji kuelezwa kwamba chombo kisichoshughulikiwa huliwa. Kimulimuli chataka mambo machache. Viungo vya nyaya vikaguliwe kutu, hasa ule waya unaofunga kisanduku kwenye mwili wa ndege. Kifuniko cha kioo kioshwe chumvi, na maji yasituame ndani yake. Chupa isishikwe kwa vidole vitupu, maana mafuta ya ngozi huungulia juu ya kioo chenye joto na kukidhoofisha. Nyaya ziendazo kwenye chupa zivikwe kinga, na kinga hiyo ifungwe mwilini upande wa kisanduku tu. La sivyo rubani atasikia mlio wa kila mpigo katika redio yake. Rubani naye akiingia katika wingu au ukungu yampasa akizime, kwa kuwa mwanga hurudi machoni pake na kumpoteza hisia ya juu na chini.

Hapa ndipo lugha inapoweza kumdhuru mtu. Kitabu cha maelezo kikisema kwa Kiswahili, "Zima taa kabla ya kufungua kisanduku," kimesema kweli, wala hakijasema ya kutosha. Kwetu kuzima ni kukomesha. Moto uliozimwa umekwisha, na taa iliyozimwa ni salama kushikwa. Lakini kapasita haijui kwamba swichi imezimwa. Akiba yake yaweza kubaki kitambo, nayo yatosha kumwua mwanafunzi wa ufundi aliyetii kila neno aliloambiwa. Mfasiri aliyeridhika na zima hakukosea sarufi yoyote, na kwa hiyo hakuna msahihishaji atakayemkamata. Ningependa tuyatenge matendo mawili: kuzima, yaani kukata umeme usiingie, na kuisha akiba, yaani ule ulioingia kutoweka. Amri basi isomeke hivi: "Zima; ngoja dakika zilizotajwa na mtengenezaji; pima kuona kwamba akiba imekwisha; ndipo ushike."

Kapasita ina jambo jingine, nalo huwapata hasa wenye ndege zinazokaa bandani miezi mingi. Utando mwembamba ulio ndani yake, uzuiao umeme usivuje, hudhoofika usipotumiwa. Mtu akiwasha ghafula kwa nguvu kamili baada ya mwaka mzima, kisanduku chaweza kuungua. Dawa yake ni kukipa kwanza umeme pungufu, kama robo chini ya kawaida, kwa dakika kumi hadi kumi na tano, utando upate kujijenga. Tendo hili laweza kuitwa kuzindua, kama azinduliwavyo aliyelala. Kufufua hakufai, maana kilichokufa hakirudi kwa njia hii.

Vimulimuli vipya vya diodi havina chupa, wala gesi, wala volti za mamia, na umri wao ni mrefu zaidi. Joto ndilo adui yao mkubwa, kwa hiyo mgongo wa taa uguse madini yenye kupitisha joto. Nazo hazikosi mpigo zinapochoka, bali hufifia polepole mno, hata jicho lililozoea haliwezi kutambua, na mpaka kipimo kitumike mwenye ndege huamini kwamba bado anaonekana. Nyingi zimefungwa pamoja na vifaa vyake vyote. Maji ya chumvi yakipenya, hung'olewa nzima na kuwekwa nyingine.