Fedha za Mayatima: Zitumike Sasa au Zihifadhiwe?

Matanga yakishaondoka na viti vya kukodi kurudishwa mjini, aghalabu hubaki fedha kidogo na maneno mengi. Ndivyo ilivyo Arua, ndivyo ilivyo Koboko, na ndivyo ilivyo katika kila kambi ambako askari huchangiana mwenzao anapofariki. Daftari la michango hufungwa, mhazini huhesabu, kisha huja swali lililo gumu kuliko kuchanga kwenyewe: fedha hizi ziwekwe vipi ili ziwafae watoto wa marehemu?

Achukuliwe kwa mfano sajini mmoja mstaafu wa Koboko. Yeye na wenzake waliotumikia kikosi kimoja wamekusanya shilingi 10,000,000 kwa ajili ya watoto watano wa wenzao waliofariki. Kaka yake ataka zigawanywe leo hii, kila mjane apewe fungu lake, shauri liishe. Mzee wa mtaa ataka kisima, maana maji hunywewa na wote. Sajini mwenyewe amesikia habari za mfuko usiokwisha, ambao mtaji wake hauguswi na faida yake hutumika mwaka hadi mwaka, naye ameupenda sana. Mkewe hapingi wala hakubali. Auliza tu: "Baba Watoto, yule mkubwa yuko darasa la saba. Huo mfuko wako utamlipia karo mwaka gani?"

Swali hilo la mama ndilo lenye uzito kuliko yote, nalo hapana budi lijibiwe kwa hesabu wala si kwa hamu.

Mfuko usiokwisha si jambo geni katika Afrika ya Mashariki. Waislamu wanaujua tangu zamani kwa jina la wakfu: asili ya mali haiuzwi, hairithiwi wala haitolewi zawadi, bali matunda yake huendelea kuwafaa walengwa. Huko Zanzibar Kamisheni ya Wakfu iliundwa mwaka 1905 kusimamia nyumba na mashamba yaliyowekwa kwa njia hiyo. Marekani nako, mwaka 1914, mwanasheria na mkuu wa benki aitwaye Frederick Goff alianzisha katika mji wa Cleveland taasisi ya kwanza ya hisani ya jamii, ambamo watu wengi wa mji mmoja huweka mifuko yao chini ya usimamizi mmoja. Kenya wanayo Kenya Community Development Foundation, iliyoanza mwaka 1997, ambayo vikundi na jamaa huweza kuanzisha mifuko yao kwayo.

Katika taasisi za namna hiyo mtoaji huulizwa kwanza anataka mfuko wa aina gani. Upo mfuko huru, ambao wasimamizi huamua kila mwaka ni haja ipi iliyo kubwa. Upo mfuko wa shabaha, kama elimu au afya, pasipo kutaja shule wala zahanati. Upo mfuko wa mahali pamoja, ambao fedha zake huenda shule fulani au hospitali fulani tu. Upo wa masomo, unaochagua wanafunzi. Upo pia ule ambao mtoaji huendelea kutoa ushauri juu ya matumizi, ingawa neno la mwisho si lake tena. Hapo ndipo wengi hukwama. Sadaka ikishatolewa si mali ya mtoaji, na asiyeweza kuachia ni heri asianze.

Goff alikuwa na hofu moja iliyomsukuma: mkono wa maiti. Mtu huandika wasia kwamba fedha zake zitumike kwa kazi moja tu, milele. Miaka hupita, kazi ile hukoma, lakini fedha hubaki zimefungwa kwa kuwa aliyeandika yu kaburini. Wazee wa West Nile hawahitaji kufundishwa jinsi mambo yanavyobadilika. Mwaka 1979 na 1980 watu wengi wa Arua na Koboko walikimbilia Zaire na Sudan, na shule zikabaki bila watoto. Mfuko uliotajwa kwa jina la shule moja ungefanya nini katika miaka ile, nao watoto wenyewe wakiwa ng'ambo ya mpaka? Yafaa basi hati iseme "elimu ya watoto wa askari waliofariki, wenyeji wa Koboko, popote wasomapo", wala isiseme jina la shule moja tu.

Sasa hesabu. Serikali ya Uganda hukopa kwa wananchi kupitia Benki Kuu, na mtu huweza kununua hati za dhamana kuanzia shilingi 100,000. Ichukuliwe kwa mfano tu kwamba riba ni kumi kwa mia. Shilingi 10,000,000 zitazaa 1,000,000 kwa mwaka. Kwa hati za muda ulio chini ya miaka kumi, kodi ya asilimia 20 hukatwa katika riba, zibaki 800,000. Lakini bei za vitu hupanda. Zikipanda kwa nne kwa mia, shilingi 400,000 lazima zirudishwe katika mtaji ili nguvu yake isipungue. Zinazobaki kutumika ni 400,000, yaani shilingi 80,000 kwa kila mtoto kwa mwaka mzima. Elimu ya msingi kwa wote ilianza mwaka 1997, lakini sare, madaftari na chakula cha mchana vingali mzigo wa mzazi. Na kwa mtoto anayeingia sekondari ya bweni, 80,000 hazimfikishi mbali.

Wapo watakaosema mtaji usirudishiwe kitu, riba yote iliwe. Hao wakumbushwe Mei 1987, Serikali ilipobadilisha fedha: shilingi 100 za zamani zikawa shilingi 1 mpya, na juu ya hayo ikakatwa kodi ya asilimia 30. Bei zilikuwa zimekwisha kuila thamani ya shilingi kabla ya siku ile. Mtaji usiolishwa hufa polepole, hata kama tarakimu za kitabu cha benki hazikupungua hata moja.

Kwa hiyo kaka mtu si mjinga anaposema zitumike. Anakosea katika jambo moja tu, la kuzigawa zote siku moja, kwani fedha za mkupuo katika nyumba ya msiba huwa na wakwe wengi. Njia iliyo bora kwa mfano huu ni kuzigawanya kazi. Shilingi 7,000,000 ziwe mfuko wa kutumika hadi uishe katika miaka mitano: hizo ni 1,400,000 kwa mwaka, au 280,000 kwa kila mtoto, zikilipwa shuleni moja kwa moja. Shilingi 3,000,000 zibaki mtaji usioguswa, na wanachama wauongeze kidogo kidogo kila mwaka, ili yule aliye chekechea leo naye asikute kapu tupu. Kisima cha mzee ni jambo jema, lakini kitafutiwe mchango wake. Waliotoa walitajiwa mayatima, na kugeuza nia ya mtoaji nyuma ya mgongo wake ni kumhadaa.

Isichanganywe hapa hisani na ushirika wa akiba. Wanajeshi wana Wazalendo na polisi wana Exodus. Humo akiba ni mali ya mwanachama, naye ana haki ya kuidai. Wala fedha za mpango wa maendeleo wa parokia, uliozinduliwa Februari 2022, si sadaka. Ni mkopo unaozunguka, na anayekopa hurudisha. Mfuko wa mayatima haumkopeshi mtu, hata mhazini, hata kwa wiki moja.

Liko suala la mahali pa kusimama kisheria. Kikundi kidogo huandikishwa wilayani kama jumuiya ya kijamii, kwa sheria ya mashirika yasiyo ya kiserikali ya mwaka 2016. Kikitaka kushika ardhi au mtaji wa kudumu, wadhamini wake huweza kuomba hati chini ya sheria ya kusajili wadhamini, ili mali iwe kwa jina la mfuko, isifuatwe na warithi wa mdhamini anapofariki. Kwa shilingi 3,000,000 hatua hii ya pili yaweza kungoja. Kwa kiwanja haingoji.

Na watia saini? Hapa askari hujisahau. Tangu mwaka 2007 wanajeshi wa Uganda wamekuwa wakipelekwa Somalia, na tangu Novemba 2021 wako pia mashariki ya Kongo. Polisi naye huhamishwa kwa barua ya siku chache. Watia saini watatu wakiwa wote kazini, mmoja Mogadishu, mwingine Bunia, wa tatu mafunzoni, mtoto hurudishwa nyumbani na fedha zipo benki. Basi wawili kati ya watatu wawe wakaaji wa Koboko wasio na uhamisho, na mmoja wao awe mjane. Yeye ndiye ajuaye siku mtoto aliporudishwa.

Sajini aliyesikia haya alinyamaza kitambo, kisha akamwomba mkewe kalamu. Waliandika karatasi moja, kwa Kiswahili, ili kila mchangiaji aisome mwenyewe: madhumuni, migawo miwili, majina ya watia saini, siku ya hesabu kusomwa mbele ya wote. Nakala tatu zilitolewa, ya kwanza kwa ofisi ya afisa wa maendeleo ya jamii, ya pili kwa mjane, ya tatu kwa mhazini. Muhula wa kwanza huanza Februari, na karo ya yule mkubwa imewekwa mstari wa kwanza.