Si Kila Tovuti Iliyozimika Imefungiwa: Kisa cha Maktaba Isiyoonekana

Tovuti ya habari inayoandikwa ugenini ikizimika kwa saa chache tu, walioko nyumbani huwa na jibu moja: "Wameshafungiwa hao!" Hatuwalaumu. Intaneti ya Uganda ilizimwa nchi nzima wakati wa uchaguzi wa Januari 2021, na watu hawajasahau. Lakini si kila giza ni mgao wa umeme. Mara nyingine ni balbu iliyoungua. Kipimo ni chepesi. Ikiwa aliye Muscat na aliye London wanaifungua tovuti ila aliye nyumbani hawezi, hapo shuku kizuizi. Ikiwa hakuna anayeipata popote, mgonjwa ni seva yenyewe.

Leo tutazungumzia ugonjwa mmoja wa seva za Linux ambao umewakesha mafundi wengi: kompaila imesasishwa vizuri, programu imejengwa bila kosa hata moja, lakini ikiwashwa inakufa hapo hapo ikidai kuwa maktaba fulani haipo.

Kwanza tuelewane kuhusu maktaba. Katika mtaa, si kila nyumba ina kinu chake. Kinu kimoja huzunguka kwa majirani. Programu za Linux nazo huishi hivyo. Badala ya kila moja kubeba kila kitu, huazima kazi kutoka faili za pamoja. Programu zilizoandikwa kwa lugha ya C++, kwa mfano, kwa kawaida huazima kutoka faili iitwayo libstdc++.so.6. Programu inapowashwa, msimamizi aitwaye ld.so huenda kuvitafuta vinu hivyo mahali anapopajua. Asipoviona, kupika hakuna.

Kompaila inayotumika sana ni GCC, iliyotolewa mara ya kwanza na Richard Stallman mwaka 1987. Chukueni mfano wa CentOS 7, mfumo uliotoka mwaka 2014 ukiwa na GCC 4.8. Msaada wake ulikwisha tarehe 30 Juni 2024. Fundi mwenye seva ya namna hiyo, akitaka programu mpya zaidi, hujenga GCC mpya kwa mkono wake. Hiyo huwekwa ndani ya /usr/local, na maktaba zake hukaa /usr/local/lib64. Tatizo ni kwamba ld.so wa CentOS 7 hapaangalii hapo mpaka aelekezwe.

Malalamiko huja kwa sura mbili, na dawa yake hutegemea sura. Ya kwanza husema faili haikupatikana, mathalani libmpfr.so.6, ambayo kompaila yenyewe huihitaji. Ujumbe unasema haipo, kumbe pengine ipo ila haionekani. Ya pili husema toleo GLIBCXX_3.4.21 halikupatikana. Hapa kinu kimeonekana, lakini ni cha zamani: toleo hilo lilikuja na GCC 5 mwaka 2015, wakati maktaba ya GCC 4.8 inaishia 3.4.19.

Fundi aanze kwa kuuliza. Amri ya ldd ikifuatiwa na jina la programu huonyesha kila maktaba inayohitajika na mahali ilipopatikana. Asiitumie kwa programu asiyoiamini, kwani inaweza kuiendesha. Kwa hiyo atumie objdump -p. Kisha aitafute faili kwa amri ya find. Akiikuta /usr/local/lib64, aandike njia hiyo katika faili mpya ndani ya /etc/ld.so.conf.d, aendeshe ldconfig kwa mamlaka ya root, halafu arudie ldd kuhakikisha.

Akitaka kujaribu tu, atumie LD_LIBRARY_PATH kwa programu hiyo moja. Asiiache ikitawala seva nzima, maana itabadilisha vinu vya programu ambazo hazikuomba. Kwa programu moja ya kudumu, njia safi ni kuijenga kwa -Wl,-rpath, ili iondoke ikijua maktaba yake iko wapi.

Yako mambo mawili ya kuogopa. La kwanza ni kuipa maktaba ya namba moja jina la namba nyingine, kama libmpfr.so.4 kuitwa libmpfr.so.6. Namba ile imebadilishwa kwa sababu, na kuilazimisha ni kualika ajali. La pili ni kuibadilisha kwa mkono maktaba mama, glibc. Hiyo ikiharibika, karibu kila amri hufa nayo, na aliye mbali na seva hana tena mlango wa kuingilia.

Kwetu sisi tuliotawanyika, haya si mambo ya mafundi peke yao. Usione vyaelea, vimeundwa. Vyombo vingi vya habari vya ugenini vinashikiliwa na mtu mmoja anayejitolea usiku baada ya kibarua chake. Akiugua, kumbukumbu za miaka hukwama kwa sababu ya njia moja isiyoandikwa. Basi kila fundi aandike katika daftari nini kiliwekwa, wapi, lini na kwa nini, na daftari hilo lijulikane na mtu wa pili. Waandishi nao wadai nakala ya makala zote ihifadhiwe nje ya seva, ikaguliwe kabla ya kila sasisho.