Salvia kwenye roshani ya Kizingo: Kabla ya kulaumu mkono wako, onja maji

Kama unaishi ghorofani Kizingo, hadithi hii unaijua. Umepita kwa wauza miche kando ya barabara, ukaona maua mekundu yanayowaka kama moto, ukabeba miche mitatu. Wiki ya kwanza mambo shwari. Ikifika wiki ya tatu majani yameungua pembeni, maua yamepukutika, na wewe ushawatangazia marafiki kwamba huna mkono wa kupanda.

Tulia kwanza. Ua lile jekundu mara nyingi huwa ni salvia, na salvia si mmea wa kudeka. Hapa kwetu huuawa na vitu vitatu vinavyoijia kwa pamoja: chumvi, mizizi kukaa majini, na jua kali la mchana. Vyote vitatu unaweza kuvidhibiti hata kama roshani yako inatosha mkeka mmoja tu.

Unaijua kuliko unavyodhani

Salvia ni kundi la spishi karibu 1,000, katika ukoo mmoja na mnanaa na mrehani. Shika shina lake, utahisi pembe nne, sawa na shina la mrehani ule unaotiwa kwenye kikuba. Zile chia unazoloweka usiku ndipo unywe asubuhi ni mbegu za salvia pia, Salvia hispanica, yenye asili ya Mexico na Guatemala. Umeona mbegu za mrehani kwenye faluda zinavyovimba na kufanya ute? Ni tabia ya ukoo huo.

Na rosemari je? Mwaka 2017 wataalamu wa mimea waliiingiza kwenye kundi hili, ikawa Salvia rosmarinus. Kenya pia ina salvia zake za asili, kama Salvia nilotica, lakini hizo ni za nyanda za juu kwenye baridi. Usihangaike kuzitafuta huku.

Uchague ipi?

Kwa joto la Mombasa, anza na Salvia coccinea. Maua yake ni mekundu na membamba, huvumilia joto vizuri, na mbegu zikianguka huota zenyewe. Ukipenda buluu, kuna Salvia farinacea, yenye asili ya Texas na Mexico, ambayo haiogopi jua. Ile nyekundu iliyojaa, Salvia splendens kutoka Brazil, ndiyo utakayoiona zaidi sokoni. Inapendeza kweli, ila inataka kivuli mchana.

Ikiwa roshani yako inatazama bahari upande wa Mama Ngina, weka rosemari mbele. Upepo wa chumvi haiuogopi sana, na jikoni utaitumia. Adui yake ni udongo ulioloa kila siku.

Maji ndiyo kesi yenyewe

Majumba mengi kisiwani hutegemea kisima wakati mfereji umekauka, na maji ya visima vingi ni ya chumvi. Unaweza kuogea, lakini mmea wa kwenye chungu hauna pa kukimbilia. Kila unapomwagilia, maji hupotea hewani na chumvi hubaki kwenye udongo. Baada ya wiki chache mizizi haiwezi tena kuvuta maji, hata kama udongo umeloa. Mmea unanyauka, wewe unaongeza maji yale yale, na hali inazidi kuharibika.

Dalili ni rahisi kuziona: ncha na kingo za majani zinakuwa kahawia, na ukingo wa chungu unafanya ukoko mweupe. Huna hakika? Weka tone la maji ulimini, kisha teme. Ukisikia chumvi, hayo si ya salvia.

Sasa maji matamu utayapata wapi bila kununua mtungi wa mkokoteni kila siku? Tazama nje ya dirisha. Yale yanayodondoka kutoka kwa kiyoyozi hayana chumvi, kwa sababu ni unyevu wa hewa uliogeuka maji. Tega ndoo chini ya mpira wake. Si ya kunywa, na mimea ya kula ni bora kuinyima, lakini kwa maua yanafaa. Wakati wa kaskazi, Disemba hadi Machi, kiyoyozi kikikesha utaamka na maji ya kutosha vyungu kadhaa. Haba na haba hujaza kibaba. Ongeza maji ya kuoshea mchele, mradi hujayatia chumvi, na mvua ya masika ikianza, tandaza ndoo zote ulizonazo.

Kama umeshamwagilia maji ya chumvi, mmea bado unaweza kuokoka. Mimina maji matamu mengi polepole mpaka yatoke chini ya chungu, subiri kidogo, kisha rudia. Yanaondoka na chumvi. Usiache maji yatuame kwenye kisahani, maana mbu wa homa ya dengi hutaga humo.

Chungu, udongo na jua

Si lazima ununue chungu cha bei. Ndoo ya rangi iliyokwisha inatosha, ila ioshe vizuri na uitoboe matundu manne au matano chini. Usichote udongo wa uwanjani peke yake. Kisiwa hiki kimekaa juu ya matumbawe, na udongo wake wenye chokaa huuzuia mmea usipate madini ya chuma. Ndiyo maana majani huwa manjano huku mishipa imebaki kijani. Changanya udongo na mboji kwa kiasi sawa, kisha utie mchanga. Mchanga usiwe wa pwani, utakuwa unarudisha chumvi mwenyewe. Juu ya udongo tandaza makumbi yaliyochambuliwa na kuoshwa. Yatazuia maji yasikauke haraka.

Jua la asubuhi ni zuri, saa nne au tano zatosha. Kuanzia adhuhuri weka kivuli, hata pazia kuukuu au kuti moja. Kusi ikivuma, suuza majani kwa maji matamu kila baada ya siku chache ili kuondoa chumvi ya bahari.

Usione huruma kukata

Mche ukifikisha jozi tatu au nne za majani, kata kichwa. Utatoa matawi pembeni na maua yataongezeka. Shada likikauka, kata na hilo, la sivyo mmea utatumia nguvu zake kutengeneza mbegu. Mbolea isizidi: ukiipa nyingi utavuna majani matupu.

Chunguza chini ya majani, hasa wakati wa kiangazi. Inzi weupe na utitiri mwekundu hujificha huko. Kijiko kidogo cha sabuni ya maji ndani ya lita moja ya maji, nyunyiza jioni, rudia baada ya siku tano.

Ukitaka miche zaidi, kata tawi lisilo na ua, urefu wa kidole cha kati. Toa majani ya chini, lichomeke kwenye mchanga wenye unyevu, liweke kivulini. Baada ya wiki mbili au tatu litakuwa na mizizi. Jirani mpe mmoja, mwingine uza.

Kwa nini ujisumbue?

Kizingo ilikuwa mtaa wa nyumba zenye nyua na bustani. Moja baada ya nyingine zinabomolewa, maghorofa yanapanda, na pale palipokuwa na maua pamekuwa pa kuegesha magari. Anayeumia bila kusema ni chozi, yule ndege mdogo mwenye mdomo mrefu uliopinda, anayeishi kwa utamu wa maua. Mibuyu ya Mama Ngina haiwezi kumlisha mwaka mzima.

Kule Marekani, salvia nyekundu huchavushwa na ndege wavumao. Huku hatuna ndege hao, lakini chozi ana mdomo wa kazi hiyo hiyo. Vyungu vitatu kwenye roshani ya kwanza, viwili kwenye ya nne, na chozi tayari ana njia ya kupita kutoka jengo hadi jengo.

Kwa hivyo jioni hii kabla hujamwagilia chochote, fungua bomba, weka tone ulimini. Jibu utakalopata litakuambia kama unahitaji mche mwingine au ndoo ya kutega chini ya kiyoyozi.