Maelezo ya Utaratibu: Kukarabati Kabureta ya Mashine ya Kukatia Nyasi

Mtahiniwa, makala haya yana kazi mbili. Kwanza, yanakupa mfano wa maandishi ya kueleza utaratibu, yaani yale yanayomwezesha mtu ambaye hajawahi kufanya jambo fulani alifanye kwa kuyafuata. Pili, yanakurudisha kwenye mambo kadhaa ya Fizikia, Kemia na Hisabati ambayo wengi huyakariri bila kuyaona yakifanya kazi: kanieneo, uelezi, mvukizo, oksidisho na eneo la duara. Kabureta inaenea kiganjani, na yote hayo yamo ndani yake. Soma ukiwa na kalamu mkononi. Maswali yapo mwishoni.

Chukua mashine ya kawaida ya kusukuma, yenye injini ya petroli ya mipigo minne, silinda moja, ujazo wa sentimita za ujazo 160. Ilikata nyasi vizuri, kisha kiangazi kikaingia ikawekwa stoo na petroli ndani ya tangi. Sasa mvua zimenyesha, nyasi zimefika magotini, na unavuta kamba mpaka bega linauma. Haiwaki. Au inawaka choki ikiwa imefungwa, na ukiifungua tu inazima. Au inawaka lakini mlio wake unapanda na kushuka wenyewe bila mtu kuigusa. Hapo ndipo wengi huhitimisha kwamba injini imekufa, na mashine nzima huishia kwa mnunuzi wa vyuma chakavu kwa bei ya kilo. Mara nyingi injini haina tatizo lolote. Kinachotakiwa ni saa mbili za kazi ya utulivu na pakiti ndogo ya vipuri vya kabureta: gasketi, oringi, sindano mpya, na wakati mwingine boya na jeti.

Kabureta inafanya nini

Petroli ikiwa katika hali ya kimiminika haiungui vizuri ndani ya silinda. Inabidi ipulizwe iwe matone madogo sana na ichanganywe na hewa kwa kiwango kinachofaa. Ili gramu 1 ya petroli iungue kikamilifu huhitaji takribani gramu 14.7 za hewa. Hewa ikizidi sana, mchanganyiko unakuwa mwembamba na injini inayumba au inazima. Petroli ikizidi, unaona moshi mweusi na plagi inajaa masizi.

Pistoni inaposhuka, hewa huingia kupitia koo la kabureta. Katikati koo hilo limebanwa. Hewa ikifika hapo hulazimika kuongeza kasi, na kasi ikiongezeka kanieneo yake hupungua. Kanuni hiyo aliieleza Daniel Bernoulli katika kitabu chake cha mwaka 1738, na bomba lililobanwa katikati linaitwa kwa jina la mwanafizikia Mwitaliano, Venturi. Chini ya koo kuna bakuli dogo la petroli lililo wazi kwa kanieneo ya angahewa. Juu kanieneo ni ndogo, chini ni kubwa. Kwa hiyo petroli inapanda kupitia jeti na kumwagika kwenye mkondo wa hewa.

Hapa watahiniwa wengi hupoteza alama. Huandika kwamba hewa "inaivuta" petroli. Hakuna kinachoivuta. Angahewa inaisukuma kutoka chini, sawa na soda inavyopanda kwenye mrija. Ukiandika neno "tofauti ya kanieneo" katika jibu lako, msahihishaji ataona kwamba umeelewa.

Fikiria pia wingi wa kazi yenyewe. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, na katika mipigo minne silinda hujazwa mara moja kwa kila mizunguko miwili, basi hujazwa mara 1,500 kwa dakika, yaani mara 25 kwa sekunde. Mara 25 kwa sentimita za ujazo 160 ni sentimita za ujazo 4,000. Kama silinda ingejaa kabisa kila mara, lita 4 za hewa zingepita kooni kila sekunde. Kilango cha kuongezea mwendo hupunguza kiasi hicho, lakini sasa unaona kwa nini uchafu usioonekana kwa macho unaweza kuivuruga injini.

Kiasi cha petroli ndani ya bakuli hulindwa na boya na sindano. Ukitaka kuelewa, funua tangi la choo cha kuvuta: maji yakipanda, boya linapanda na kufunga vali. Kabureta ni hivyo hivyo, ila kwa udogo. Petroli ina densiti ndogo kuliko maji, karibu gramu 0.74 kwa sentimita ya ujazo, kwa hiyo boya huzama zaidi katika petroli kuliko ambavyo lingezama katika maji. Boya likitoboka likaingiza petroli, halipandi. Sindano haifungi, na petroli hufurika mpaka kwenye chujio la hewa.

Kwa nini iliharibika ikiwa imelala tu

Petroli si kitu kimoja; ni mchanganyiko wa hidrokaboni nyingi. Zile nyepesi huvukiza kwanza, na ndizo zinazosaidia injini kuwaka ikiwa baridi. Zinazobaki huungana polepole na oksijeni na kuacha utando wa kahawia unaonata kama gundi. Utando huo huganda pale penye nafasi finyu zaidi, yaani ndani ya jeti. Katika nchi kama Marekani, ambako petroli nyingi huuzwa ikiwa na asilimia 10 ya ethanoli, kuna tatizo la ziada: ethanoli hunyonya maji kutoka hewani, na maji hayo huanza kula metali za kabureta.

Tuseme tundu la jeti lina kipenyo cha milimita 0.6, na utando umelipunguza hadi milimita 0.5. Je, umepoteza moja ya sita tu? Hapana. Eneo la duara hufuata mraba wa kipenyo: 0.5² ni 0.25, na 0.6² ni 0.36. Gawanya, utapata 0.69. Karibu theluthi moja ya njia ya petroli imekwenda, kwa utando wa unene wa milimita 0.05 kila upande. Tunza hesabu hii, utaihitaji tena baada ya muda mfupi.

Kabla ya kushika spana

Sehemu hii usiiruke. Mvuke wa petroli huweza kuwaka hata katika baridi kali, na ni mzito kuliko hewa, hivyo hutambaa chini badala ya kupaa. Jiko la mkaa lililo upande wa pili wa ua linaweza kuufikia, au tuseme mvuke ndio utakaolifikia jiko. Fanya kazi nje, mbali na moto, sigara na jenereta inayounguruma. Chomoa waya wa plagi na uuweke mbali, maana kisu kilicho chini ya mashine kikizungushwa kwa bahati mbaya kinaweza kuiwasha injini mkono wako ukiwa hapo. Vaa miwani ya kukinga macho. Dawa ya kusafishia hurudi usoni ghafla kupitia tundu usilolitarajia. Petroli ya zamani iweke kwenye dumu lenye kifuniko, uliandike, na usiimwage kwenye mtaro wala karibu na kisima.

Nunua pakiti ya vipuri kwa namba ya modeli ya injini iliyogongwa kwenye mwili wake, si kwa rangi ya mashine. Mashine mbili za rangi moja zinaweza kuwa na injini tofauti kabisa, na gasketi inayokaribia kufanana haifai.

Kufungua

Funga koki ya mafuta, au bana mpira wa mafuta kama koki haipo. Ondoa chujio la hewa. Kabla ya kugusa kingine chochote, chora au piga picha namna springi na vijiti vya gavana vilivyoshikiliwa, na kila springi iko kwenye tundu lipi. Gavana ndiyo inayoizuia injini isizunguke kupita kiasi. Springi ikirudishwa kwenye tundu jirani mashine huwaka vizuri tu, ila kwa kasi isiyo salama, na kisu kinachozunguka kwa kasi hiyo si jambo la kujaribu.

Legeza nati au boliti zinazoshikilia kabureta, itoe taratibu, kisha nasua vijiti. Panga gasketi juu ya gazeti kwa mfuatano ule ule zilivyotoka. Geuza kabureta juu ya chombo na ufungue boliti ya bakuli. Iangalie vizuri boliti hiyo: katika baadhi ya injini imetobolewa vitundu, nayo yenyewe ndiyo jeti. Chomoa kipini cha boya. Boya litatoka likiwa na sindano. Jeti kuu hufunguliwa kwa bisibisi inayojaa kabisa katika mfereji wake, kwa kuwa imetengenezwa kwa aloi laini ya shaba na zinki, na bisibisi ndogo huuchana mfereji mara moja. Nyuma yake hutoka mrija wenye vitundu ubavuni. Kama kuna skrubu ya kurekebisha mchanganyiko, ikaze kwanza kwa vidole vyepesi huku ukihesabu mizunguko hadi ifike mwisho, andika idadi, ndipo uitoe.

Kusafisha

Mpira na plastiki zote zitoke kwanza, kwani dawa huvivimbisha. Puliza dawa katika kila tundu la mwili wa kabureta na uangalie inatokea wapi. Tundu lisilo na mtokeo bado limeziba. Loweka jeti, isugue kwa mswaki wa zamani, kisha puliza hewa. Pampu ya baiskeli inatosha. Inua jeti kuelekea mwanga: unatakiwa kuona duara safi lenye ukingo mkali.

Wapo watakaokushauri uchokoe kwa sindano ya kushonea au waya wa chuma. Kataa. Rudi kwenye ile hesabu: ukilipanua tundu kutoka milimita 0.6 hadi 0.7, eneo linakuwa 0.49 kugawanya kwa 0.36, yaani mara 1.36. Umeongeza zaidi ya theluthi ya petroli, na hakuna dawa itakayolirudisha tundu lilivyokuwa. Uchafu ukigoma, tumia uzi mmoja laini wa shaba kutoka kwenye waya wa umeme, na usiukandamize.

Tikisa boya karibu na sikio. Ukisikia kimiminika kinacheza ndani, limetoboka, weka jipya.

Kufunga na kupima

Weka sindano mpya kwenye boya, rudisha kipini, kisha pima kabla ya kufunga bakuli. Shika kabureta kama inavyokaa kwenye injini na upulize hewa taratibu kwa pampu kupitia njia ya mafuta: boya likining'inia, hewa ipite, ukiliinua kwa kidole, hewa isimame kabisa. Kama haisimami, kiti cha sindano kina uchafu au kimelika. Afadhali ulijue hilo sasa kuliko petroli ikishaanza kumwagika.

Weka gasketi zote mpya zikiwa kavu. Usiongeze gundi ya silikoni hata kama duka limekupa bure. Haivumilii petroli, na vipande vyake vitaishia kwenye jeti uliyotoka kuisafisha. Kaza boliti ya bakuli ishike, bila kutumia nguvu za kifua, maana mwili wa kabureta ni laini. Rudisha skrubu ya mchanganyiko kwa idadi uliyoandika, na springi kwa mchoro wako.

Mimina petroli mpya, fungua koki, subiri dakika chache bakuli lijae. Chungulia chini. Pakiwa pakavu, rudisha chujio na waya wa plagi, funga choki na uvute kamba. Injini ikishika, fungua choki polepole. Mlio ukitulia bila kupanda na kushuka, jeti ziko wazi.

Maswali ya kujipima

1. Kwa kutumia dhana ya tofauti ya kanieneo, eleza jinsi petroli inavyopanda kutoka kwenye bakuli hadi kwenye koo la kabureta.

2. Jeti yenye tundu la kipenyo cha milimita 0.8 imezibwa na utando hadi kubaki milimita 0.6. Ni asilimia ngapi ya eneo la tundu imepotea?

3. Boya lenye tungamo la gramu 3.7 linaelea huru katika petroli yenye densiti ya gramu 0.74 kwa sentimita ya ujazo. Tafuta ujazo wa petroli iliyosogezwa. Je, katika maji ujazo huo ungekuwa mkubwa zaidi au mdogo zaidi? Toa sababu.

4. Fundi amemaliza kufunga kabureta, lakini petroli inadondoka kutoka kwenye chujio la hewa. Taja sehemu mbili atakazozikagua kwanza na ueleze kwa nini.

5. Fupisha sehemu yenye kichwa "Kabla ya kushika spana" kwa maneno yasiyozidi 60. Zingatia: mfuatano wa tahadhari usibadilike.